Mawasiliano yasiyotumia nyaya: Jinsi mawimbi yanavyosafiri Kitui na Makueni

MAWASILIANO yasiyotumia nyaya ni upelekaji wa sauti, maandishi, picha au takwimu kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa mawimbi yanayopita hewani, badala ya waya wa shaba au uzi wa kioo. Redio, televisheni, simu ya mkononi, Wi-Fi, setilaiti na hata kile kidude cha kufungulia mlango wa gari ukiwa mbali, vyote ni watoto wa mama mmoja.

Katika kaunti za Kitui na Makueni teknolojia hii si anasa. Mzazi wa Tseikuru anayengojea karo itumwe na mwanawe aliyeko Mombasa, mkulima wa Kathonzweni anayetaka kusikia utabiri wa mvua kabla ya kupanda ndengu, na fundi wa pampu kule Kyuso, wote wanautegemea mnara ambao huenda hawauoni kwa macho. Simu ya nyaya haikuwahi kufika katika vijiji vingi vya huko. Mwaka 1999 Kenya nzima ilikuwa na laini za nyaya takriban 300,000 pekee, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa mijini.

Mawimbi yenyewe ni nini?

Huitwa mawimbi ya sumakuumeme. Hayahitaji hewa ili yasafiri. Hupita hata katika anga tupu, na huenda kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Mkondo wa umeme unapoenda mbele na kurudi nyuma upesi ndani ya antena, huzua mtikiso unaoenea pande zote mfano wa viwimbi vya bwawa lililotupiwa jiwe. Mtikiso huo ukiifikia antena nyingine, huamsha ndani yake mkondo mdogo mno wa umeme. Kazi ya chombo kinachopokea ni kuukuza mkondo huo na kuusoma.

Idadi ya mitikiso katika sekunde moja huitwa masafa, na kipimo chake ni hezi, kwa heshima ya mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz. Hapa lugha yetu inatutatiza kidogo, kwa kuwa neno hilo hilo masafa lina maana ya umbali. Habari kwamba kituo fulani kimepewa masafa mapya inaweza kusomwa kana kwamba kimepewa kilomita zaidi. Katika makala haya masafa ni mitikiso, na umbali utaitwa umbali.

Kadiri masafa yanavyokuwa makubwa, ndivyo urefu wa wimbi moja unavyopungua. Kituo cha redio cha FM kinachotumia megahezi 100 hurusha mawimbi yenye urefu wa mita tatu. Simu inayotumia megahezi 900 ina mawimbi ya sentimita 33 hivi, na Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina mawimbi yasiyozidi sentimita 13. Tofauti hii ndiyo chanzo cha mambo mengi yanayomshangaza mtumiaji. Mawimbi marefu hupinda kidogo penye kilima na hupenya kuta na majani kwa urahisi. Mafupi hubeba habari nyingi zaidi lakini huchoka upesi na huzuiwa na vitu vidogo.

Wimbi tupu halisemi lolote. Ujumbe hupachikwa juu yake kwa kulibadilisha kidogo: ama nguvu zake, kama zilivyofanya redio za zamani za masafa ya kati, ama masafa yake, kama zifanyavyo redio za FM. Katika simu za kisasa sauti hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, sifuri na moja, kisha tarakimu hizo ndizo zinazopandishwa juu ya wimbi. Faida yake ni kwamba mashine inaweza kugundua tarakimu iliyoharibika njiani na kuirekebisha, jambo ambalo haliwezekani kwa sauti ya kawaida.

Kutoka waya wa reli hadi mnara

Waya wa kwanza wa mawasiliano uliopita katika ardhi ya Wakamba ulifuata Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Makindu na kufika Nairobi mwezi Mei 1899. Simu ya maandishi, au telegrafu, ilitembea sambamba na reli.

Wakati huo huo Ulaya, wanasayansi walikuwa wakijitahidi kuuacha waya. James Clerk Maxwell, Mskoti, alikuwa ameonyesha kwa hesabu katika miaka ya 1860 kwamba mawimbi hayo lazima yawepo. Hertz aliyathibitisha kwa majaribio kati ya 1886 na 1888. Desemba 1901 Guglielmo Marconi, Mwitaliano, alitangaza kuwa amepokea huko Newfoundland ishara iliyorushwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, yakiwalenga walowezi. Simu za mkononi zilikuja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, za mtindo wa zamani usiotumia tarakimu, na bei yake ilikuwa ya matajiri na wakubwa serikalini. Mambo yalibadilika baada ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1998 kulivunja shirika la Posta na Simu mwaka 1999 na kuunda Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia sekta hiyo, ambayo tangu 2014 inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwaka 2000 Safaricom ilianza kuuza huduma zake kwa sura mpya ikiwa na Vodafone kama mshirika, nayo Kencell ikaingia sokoni. Kencell baadaye iliitwa Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 ni Airtel.

Kwa nini netiwaki hupotea

Simu ya mkononi ni redio ndogo inayotuma na kupokea. Nguvu zake ni chache: katika mtindo wa GSM wa megahezi 900, simu haizidi wati mbili. Kwa hiyo nchi hugawanywa katika sehemu ndogo zinazoitwa seli, kila moja ikiwa na mnara wake. Ukisafiri kwa basi kutoka Emali hadi Wote, simu yako hukabidhiwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine bila ya mazungumzo kukatika, mradi minara ipo.

Swali ambalo wakazi wengi huuliza ni hili: mbona naiona taa nyekundu ya mnara usiku, lakini simu haishiki?

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni umbo la dunia na milima. Mawimbi ya simu husafiri takriban moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mnara wa mita 40 uliosimama kwenye tambarare hufikia upeo wa karibu kilomita 26 kabla mviringo wa dunia haujauzuia. Mtambo ukiwekwa juu ya kilima kilichoinuka mita 300, upeo huo hupita kilomita 70. Ndiyo maana wahandisi hupenda vilima. Lakini kilima kinachoubeba mnara ndicho hicho hicho kinachoweza kuwanyima netiwaki walio nyuma ya kilima kingine. Mbooni, Kilungu na Nzaui kwa upande wa Makueni, milima ya Mutitu kwa upande wa Kitui, na uwanda mrefu wa Yatta unaofuatana na mto Athi, vyote huweza kuweka vivuli vya redio. Aliye bondeni ndani ya kivuli hicho hutembea hadi mahali pa juu ili apige simu, na kila kijiji cha namna hiyo huwa na mwamba wake au mti wake unaojulikana.

Sehemu ya pili haijulikani na wengi. Katika GSM, simu hadi nane hutumia masafa yale yale kwa zamu, kila moja ikipewa nafasi ya sehemu 577 za milioni ya sekunde. Simu iliyo mbali lazima ianze kutuma mapema kidogo ili ujumbe wake ufike kwa zamu yake bila ya kugongana na wa jirani. Mfumo wa kawaida uliwekewa kikomo cha kurekebisha muda huo, na kikomo hicho ni sawa na umbali wa kilomita 35. Ukipita hapo, hata kama mawimbi yanakufikia vizuri, mnara utaikataa simu yako. Ipo mitambo iliyorekebishwa ili kuvuka kikomo hicho, lakini hupunguza idadi ya wanaoweza kuzungumza kwa pamoja.

Hesabu ya karatasini ingesema kuwa mduara wa kilomita 35 kila upande una eneo la kilomita mraba 3,848, na kwa kuwa Kitui ina kilomita mraba 30,430 hivi, minara minane ingetosha. Mtu yeyote aliyewahi kwenda Endau au Mutha anajua kuwa hiyo ni ndoto. Vilima, miti, udhaifu wa simu yenyewe na idadi ya watu wanaopiga kwa wakati mmoja huifanya seli halisi kuwa ndogo mno kuliko hiyo ya kinadharia.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Kwa kilomita mraba moja, Kitui ina watu 37 ilhali Makueni ina 121. Mnara unaofikia kilomita kumi kila upande ungekuta wateja, watoto wakiwemo, wapatao 11,700 Kitui na 38,000 Makueni. Gharama ya kuusimamisha haipungui kwa kuwa watu ni wachache. Pengine huongezeka, maana pasipo umeme wa kawaida kampuni hulazimika kuweka jenereta ya dizeli au paneli za sola, na mnara wenyewe lazima uunganishwe na mtandao mzima, ama kwa uzi wa kioo ama kwa visahani vya mikrowevu vinavyotazamana kutoka kilima hadi kilima.

Serikali ilikubali kuwa soko peke yake halitafika kila pembe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2009 yaliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ambapo kampuni zenye leseni hutoa asilimia 0.5 ya mapato yao ili maeneo yaliyosahaulika yajengewe mitambo. Jinsi pengo hilo lilivyokuwa kubwa lilidhihirika katika uchaguzi wa Agosti 2017, Tume ya IEBC ilipotangaza kuwa vituo 11,155 vya kupigia kura, kati ya 40,883 nchini, havikuwa na mtandao wa 3G au 4G wa kutumia matokeo. Maafisa wa vituo hivyo walitakiwa kusafiri hadi penye mtandao. Netiwaki ilikuwa imegeuka kuwa suala la kura.

Pampu zinazotuma ujumbe

Mfano bora zaidi wa manufaa ya teknolojia hii katika eneo hili, kwa maoni ya mwandishi huyu, si wa simu za bei ghali. Ni wa pampu za mkono.

Katika Kyuso, kaskazini mwa Mwingi, maji ya matumizi ya nyumbani wakati wa kiangazi hutoka kwa visima vyenye pampu za mkono. Pampu ikiharibika, akina mama na watoto hurudi kwenye mashimo ya mito ya mchanga au hutembea hadi kisima cha mbali. Tatizo la zamani halikuwa ukosefu wa vipuri tu. Hakuna aliyejua upesi kwamba pampu imekufa, na aliyejua hakuwa na wa kumwambia.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo katika pampu 66 za eneo hilo. Ndani ya mpini wa pampu kiliwekwa kipima-mwendo, betri na kadi ya simu. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa huhesabu. Kutokana na hesabu hiyo hukadiriwa kiasi cha maji kilichotolewa. Kisha takwimu hutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu iliyokuwa ikifanya kazi kila asubuhi ikinyamaza ghafla, aliye ofisini huona na fundi hutumwa kwa pikipiki.

Kabla ya mpango huo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila ya kutengenezwa. Katika kipindi cha majaribio muda huo ulishuka hadi chini ya siku tatu. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya matengenezo iitwayo FundiFix, ambayo jamii huilipa ada kidogo ili pampu zao zitunzwe.

Msomaji azingatie kuwa hakukuhitajika 3G wala intaneti ya kasi. Ujumbe mfupi hauzidi herufi 160, na hupita katika njia ile ile ambayo mnara hutumia kuiarifu simu kuwa inapigiwa. Ndiyo sababu ujumbe mara nyingi hufaulu pale ambapo mazungumzo hukatika-katika: usipopokewa mara ya kwanza, mtambo huuhifadhi na kujaribu tena. M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, nayo ilijengwa juu ya msingi huo mnyenyekevu, na kwa hivyo iliweza kufanya kazi katika simu ya bei ya chini kabisa.

Redio haijazeeka

Simu ni ya watu wawili. Redio ni ya kijiji kizima. Kituo kimoja cha FM juu ya kilima huwafikia maelfu bila ya kujali ni wangapi wanasikiliza, na msikilizaji hahitaji kulipa chochote ila betri. Musyi FM ya kampuni ya Royal Media Services na Mwatu FM ya shirika la KBC hutangaza kwa Kikamba.

Kati ya vituo vya jamii, Radio Mang'elete ya Nthongoni, katika eneo la Kibwezi, ina historia ya pekee. Ilianza kurusha matangazo mwaka 2004, na waliokuwa nyuma yake ni muungano wa vikundi zaidi ya 30 vya akina mama. Wakati ambapo kumiliki kituo cha utangazaji kulidhaniwa kuwa kazi ya serikali na mabwanyenye wa Nairobi, wanawake wa sehemu kavu ya Makueni walikuwa na masafa yao.

Reli, ndovu na nzige

Reli ya kisasa ya SGR, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, inapita Makueni na ina stesheni Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Dereva wa garimoshi huwasiliana na waelekezaji kupitia mtandao wa simu uliotengewa reli pekee, unaoitwa GSM-R, ambao ni ndugu wa karibu wa simu ya mkononi ya kawaida.

Kabla ya reli hiyo kukamilika, Machi 2016, Shirika la Wanyamapori KWS na shirika la Save the Elephants waliwavisha ndovu kumi wa Tsavo mikanda ya shingoni inayotuma habari kupitia setilaiti, ili kujua kama wanyama hao wangevuka tuta la reli. Na nzige wa jangwani walipoingia Kitui mwanzoni mwa 2020, waliowafuatilia katika ukanda huu walitumia vifaa vya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, vinavyoweza kutuma taarifa kwa setilaiti pasipo na mnara wowote.

Setilaiti za kale za mawasiliano hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe ukipanda na kushuka hutumia karibu robo ya sekunde, na ndiyo sababu mazungumzo kupitia kwazo huwa na kimya cha kuudhi. Huduma ya Starlink, iliyoanza Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti nyingi zilizo umbali wa kilomita 550 hivi, na kwa hivyo ucheleweshaji huo hupungua sana. Shule au zahanati iliyo kivulini mwa mlima inaweza kuunganishwa, mradi tu ina umeme, anga iliyo wazi na uwezo wa kulipa kila mwezi. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Je, mawimbi haya yanadhuru?

Hofu hii huzuka karibu kila mnara mpya unapojengwa. Mawimbi ya redio hayana nguvu za kuvunja chembechembe za mwili kama ifanyavyo miale ya eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni joto kidogo. Mwaka 2011 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliyaweka katika kundi la vitu ambavyo 'huenda' vikasababisha saratani, ambalo ni kundi la tahadhari ushahidi unapokuwa haba. Mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na shirika hilo na kuchapishwa 2024 hayakupata uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Jambo moja huwashangaza wengi: simu iliyo mbali na mnara hutuma kwa nguvu nyingi kuliko iliyo karibu, kwa hivyo anayekataa mnara kijijini huishia na mawimbi makali zaidi sikioni mwake.

Nguvu hizo nyingi ndizo pia zinazomaliza betri upesi. Kwa mkazi wa bondeni anayelipia kuchajiwa simu dukani, ipo njia rahisi ya kupunguza gharama. Aiweke simu katika 2G pekee asipohitaji intaneti, kwa sababu simu inayohangaika kutafuta 4G isiyokuwepo hula betri bure. Aizime, au aiondoe hewani, anapojua kuwa yuko kivulini. Na kama ana habari ya dharura huku alama ya netiwaki ikionyesha mstari mmoja tu, aandike ujumbe mfupi badala ya kupiga.